Aibu ya Hester, hatia ya Dimmesdale

Machi 1644, mjini Boston, msichana mmoja aitwaye Mary Latham alinyongwa kwa kosa la uzinzi pamoja na mwanamume aliyezini naye, James Britton. Alikuwa na miaka 18 hivi, mke wa mzee ambaye hakumpenda. Sheria ya koloni la Massachusetts haikuwa na kona: mke wa mtu akizini, wote wawili wafe. Waliitoa katika torati ya Musa wakaiweka kwenye sheria za nchi.

Natanguliza kisa hicho kwa sababu wengi wanaosoma The Scarlet Letter, riwaya ya Nathaniel Hawthorne iliyotoka mwaka 1850, hushtushwa na adhabu anayopewa Hester Prynne. Kwa kipimo cha Boston ya miaka ya 1640, ambako hadithi imewekwa, Hester alihurumiwa. Mahakimu walimwona bado kijana, tena mumewe hajulikani alipo, huenda amezama baharini, wakamwachia roho yake. Akaamriwa asimame kwa muda wa saa tatu juu ya jukwaa sokoni, amempakata mtoto wake wa miezi mitatu, Pearl, na tangu siku hiyo avae kifuani herufi A, ambayo ndiyo inayoanza neno la Kiingereza la uzinzi. Hawthorne hakuibuni adhabu hiyo kichwani. Sheria ya Massachusetts ya mwaka 1694 ilimtaka mzinzi akae saa moja kwenye mti wa kunyongea na kamba shingoni, achapwe viboko visivyozidi 40, kisha maisha yake yote avae herufi A ya urefu wa inchi mbili, ya kitambaa chenye rangi tofauti na nguo yake ili ionekane.

Wanafunzi wengi huambiwa kwamba hiki ni kitabu cha mwanamke aliyezini akaadhibiwa. Lakini uzinzi wenyewe hatuuoni kabisa. Mlango wa gereza unapofunguliwa katika sura ya pili, tendo limeshatendeka na mtoto ameshazaliwa. Hawthorne anaanzia pale ambapo mtu angedhani habari imekwisha, halafu anawafuata watu watatu kwa miaka saba aone kila mmoja amebaki na nini.

Ili tumwelewe, inafaa tutenganishe maneno ambayo katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya. Dhambi ni deni la mtu kwa Mungu, liwe limejulikana au halijajulikana. Hatia ina makao mawili: mahakamani, ambako mtu hukutwa nayo, na moyoni, ambako huja yenyewe usiku bila kuitwa. Aibu haiwezi kuishi bila macho ya watu. Aliye peke yake porini anaweza kulemewa na hatia mpaka akashindwa kula, ila aibu itamsubiri barabarani, siku atakayokutana na mtu anayemjua. Kiswahili kina neno jingine zuri, haya, ambayo humzuia mtu kabla hajatenda. Aibu huja baadaye, kazi imekwisha kuharibika.

Wapuritani walitaka vyote hivyo viwe kitu kimoja. Hawa walikuwa Waprotestanti wa Uingereza walioona Kanisa la nchi yao bado limejaa mabaki ya Ukatoliki, na mwaka 1630 kundi lao kubwa lilivuka Atlantiki hadi Massachusetts chini ya gavana wao, John Winthrop. Winthrop aliwaambia watakuwa kama mji uliojengwa juu ya kilima, macho ya watu wote yanawatazama. Waliamini wamefunga agano na Mungu kama jamii nzima, kwa hiyo dhambi ya mmoja ingeweza kuleta ukame au ugonjwa kwa wote. Jirani aliyechungulia dirishani kwako hakujiona mmbea. Alijiona analinda shamba la kila mtu.

Mtu aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa wateule kanisani alipaswa kusimama na kueleza jinsi neema ilivyomfikia moyoni, na wenzake wakapima maneno yake. Ugumu uko hapo. Moyo hauonekani, na wao walikuwa na haja kubwa ya kuuona. Palipokosekana dirisha la kuutazamia, walitumia kinachoonekana: machozi, sauti, mavazi, jukwaa la sokoni. Juu ya jukwaa la Boston palikuwa na mkatale wa kubana kichwa, na Hawthorne anasema hakuna ubaya mkubwa kuliko kumnyima mkosaji nafasi ya kuficha uso wake. Hester hakufungwa kwenye mkatale huo. Alisimama tu, na macho yakafanya kazi yake.

Tazama alivyotoka. Askari wa gereza anamshika bega kumsukuma nje, naye anauondoa mkono ule na kutoka kwa miguu yake, kama vile ameamua mwenyewe. Kwanza anataka kumkumbatia mtoto kwa nguvu ili herufi isionekane. Halafu anatambua kwamba anaficha alama moja ya aibu kwa alama nyingine, anampakata mtoto mkononi, na kuwatazama watu. Hapo ndipo wanapoiona herufi: kitambaa chekundu, kimedariziwa pembeni kwa ustadi mkubwa na nyuzi za dhahabu, kizuri kuliko nguo yoyote pale sokoni. Wanawake waliokusanyika wanaudhika. Mmoja anasema wangemchoma paji la uso kwa chuma cha moto, mwingine anasema auawe tu. Ni mmoja tu, mama kijana aliyemshika mtoto wake mkono, anayesema kwa upole kwamba hata akiifunika, maumivu yatabaki moyoni.

Hester ni fundi wa sindano, na kwa sindano hiyo ndiyo anayoishi. Watu wanaomkwepa njiani wanamletea kazi. Anadarizi kola ya gavana, anashona nguo za watoto wachanga na sanda za wafu. Kitu kimoja hakupewa kamwe: shela ya bibi harusi. Mimi huona katika shela hiyo ushahidi mzito kuliko hotuba zote za wachungaji wa kitabu hiki. Mji ulikuwa tayari kufaidi mikono yake kuanzia kuzaliwa hadi kuzikwa, ila pale penye usafi wa ndoa mkono wake uliogopwa kama ugonjwa wa kuambukiza.

Miaka ikapita, Hester akihudumia wagonjwa na maskini, na watu wakaanza kusema ile A maana yake ni mwanamke hodari, kwa sababu neno la Kiingereza la uwezo nalo huanza na herufi hiyo. Wasomaji wengi huishia hapo wakafurahi: aibu imemtengeneza, adhabu imezaa matunda. Wasome tena sura ya 13. Hawthorne anasema kwa maneno mafupi kabisa kwamba herufi nyekundu haikuwa imetimiza kazi yake. Nje Hester alikuwa mtiifu, ndani akili yake ilitembea mbali kuliko mwanamume yeyote wa mji ule, ikihoji ndoa, hali ya wanawake, na sheria yenyewe. Atakapokutana na mpenzi wake msituni atamwambia kwamba walichokifanya kilikuwa na utakatifu wake. Miaka saba ya kutazamwa haikumfanya aone dhambi mahali ambapo wao waliiona.

Ila jukwaani alisimama mtu mmoja, na kosa lile halitendwi na mtu mmoja.

Nilipokuwa mtoto, usharika wetu ulikuwa na utaratibu wa kumtenga aliyeanguka na baadaye kumrudisha kundini. Jumapili moja binti wa jirani yetu aliyezaa kabla ya ndoa aliitwa mbele. Alikuwa amejifunga kitenge na mabegani amejitanda kingine, ingawa kulikuwa na joto kali. Mzee wa kanisa akasoma jina lake, jina la baba yake, na kosa. Ninachokumbuka zaidi ni vidole vyake vikilisokota pindo la kitenge, vikilikunja na kulikunjua, mpaka sala ikaisha. Mtoto alibaki nje na bibi yake na tulimsikia akilia. Mwanamume hakuitwa, ingawa watu wazima karibu wote walimjua. Miaka mingi baadaye nilisoma The Scarlet Letter kwa mara ya kwanza, nikafika pale wazee wanapomwagiza mchungaji kijana amsihi Hester amtaje baba wa mtoto. Nilikiweka kitabu chini kwa muda.

Kwa sababu mchungaji huyo, Arthur Dimmesdale, ndiye baba wa mtoto. Anasimama kwenye roshani, juu yake, karibu na gavana, na kwa sauti tamu inayowatoa watu machozi anamwambia Hester asimwonee mwenzake huruma ya uongo. Heri mtu huyo ashuke kutoka mahali pa juu asimame naye kwenye jukwaa la aibu, kuliko kuficha moyo wenye hatia maisha yake yote. Kila neno ni la kweli, na kila neno linamhusu yeye. Anamwomba mwanamke afanye kile ambacho yeye hana ujasiri wa kukifanya. Hester anakataa kumtaja, na anasema angependa abebe maumivu ya mwenzake pamoja na ya kwake.

Sehemu inayobaki ya maisha ya Dimmesdale ni somo la hatia isiyo na aibu. Hakuna anayemtilia shaka. Anakonda, mkono wake hauachi kushika kifua, na waumini wanasema utakatifu unamla mwili. Usiku anafunga, anakesha, anajichapa kwa mjeledi aliouficha kabatini. Kwetu husemwa mficha maradhi kifo humuumbua, na sidhani kama kuna mhusika katika fasihi ya Marekani anayestahili methali hiyo kuliko huyu.

Lakini kinachonifanya nirudi kwake mara kwa mara ni maungamo yake ya mimbarini. Dimmesdale anajaribu kusema. Zaidi ya mara moja anapanda mimbari akiwa ameazimia, na anawaambia waumini wake kwamba yeye ni mwovu kuliko waovu wote, chukizo, kitu cha uchafu ambacho wangeshangaa jinsi ghadhabu ya Mungu isivyokichoma. Wanasikia, na wanamheshimu zaidi. Kama mtakatifu huyu anajiona hivyo, wanawaza, sisi je? Naye anajua watayapokea hivyo. Maneno ni ya kweli, na kwa kuyasema kwa namna ile anayageuza kuwa uongo, kisha anajichukia kwa hilo pia.

Aliyelelewa kanisani anaijua sala ya kuungama ya pamoja, ile ya tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo. Ni sala njema na siidharau. Hawthorne anatuonyesha tu jinsi mtu anavyoweza kuingia ndani yake akajificha. Kusema mimi ni mwenye dhambi hakumgharimu Dimmesdale kitu. Kusema mimi ni baba wa Pearl kungemgharimu kila kitu.

Usiku mmoja wa Mei anakwenda kwenye jukwaa lilelile, watu wamelala. Anapiga ukelele, hakuna anayetoka. Hester anapita na mtoto, akitokea kitandani kwa Gavana Winthrop aliyefariki usiku huo (Winthrop wa kweli alifariki Machi 1649, Hawthorne amesogeza siku). Wanasimama watatu wameshikana mikono gizani, na Pearl, aliyekwisha kuwa msichana wa miaka saba, anamuuliza: kesho mchana utasimama hapa na mama na mimi? Hapana, anajibu, siku ya hukumu. Kimondo kinapasua anga, na mchungaji anaona herufi A juu. Asubuhi mtunza kanisa anamrudishia glavu yake iliyookotwa jukwaani, akisema bila shaka shetani ndiye aliyeiangusha pale kumchafua mtu wa Mungu, halafu anamweleza kwamba watu wameiona herufi angani na wameifasiri kuwa ya malaika, kwa ajili ya gavana. Ushahidi wote uko mkononi mwa yule mtunza kanisa, naye anampa mwenyewe na kwenda zake.

Wa tatu ni Roger Chillingworth, yule mume aliyedhaniwa amezama. Anafika Boston siku ileile ya jukwaa, anabadili jina, anajifanya tabibu, na hatimaye anaishi nyumba moja na Dimmesdale akiichimba siri yake pole pole kama mchimba kaburi. Kikulacho ki nguoni mwako. Hakuna sheria anayoivunja, wala hakuna anayemtuhumu. Hester anapojaribu kumzuia, anasema mambo yamekwisha kuandikwa na ua jeusi lichanue litakavyo. Lakini Dimmesdale atakapoujua ukweli atasema kwamba dhambi ya mzee huyu ni nyeusi kuliko yao, kwa maana ameuvunja utakatifu wa moyo wa mtu kwa makusudi, damu ikiwa imepoa. Katika mji ulioandika sheria kwa kila kosa la mwili, dhambi iliyo kubwa kuliko zote haikuwa na herufi.

Sasa tumrudie Hester, kwa sababu si kweli kwamba yeye hana hatia. Anayo, ila iko mahali ambapo mji haukuwahi kutazama. Mumewe alimwapisha asimfichue, naye akatunza kiapo miaka saba huku akimwona Dimmesdale akikaushwa kidogo kidogo. Msituni, katika sura ya 17, anamwambia hatimaye. Dimmesdale anakasirika, anasema hawezi kumsamehe. Hester anamkumbatia, anakibana kichwa chake kifuani, shavu la mchungaji limeegemea ile herufi nyekundu, na hamwachii mpaka amesema amemsamehe. Dunia nzima ilikuwa imemkunjia uso kwa miaka saba naye akavumilia. Uso wa mtu huyu mmoja ndio asioweza kuuvumilia. Kwa hilo alilonyamazia mji haukumhukumu hata dakika moja, na ni kwa hilo tu tunamwona akiomba msamaha.

Hawthorne hakuyaandika haya kama mtu wa pembeni. Alizaliwa Salem, mji wa Massachusetts, mwaka 1804, katika ukoo wa Hathorne. Babu wa kwanza kufika Amerika, William Hathorne, alikuwa hakimu aliyewatesa Wakweka, waumini wa dhehebu jingine la Kikristo. Mwanawe, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu wa mashtaka ya uchawi ya Salem mwaka 1692, yaliyonyonga watu 19, na mzee Giles Corey akafa akikandamizwa kwa mawe. Nathaniel aliongeza herufi w kwenye jina lake. Katika utangulizi wa riwaya, aliouandika baada ya kupoteza kazi yake ya forodhani mwaka 1849, anasema anaibeba aibu ya wazee hao juu yake mwenyewe na kuomba laana yoyote waliyoichuma iondolewe. Mtu hawezi kutubu dhambi ya babu yake. Aibu yake, naona, hurithiwa kama shamba.

Kulikuwa na hakimu mwingine wa Salem, Samuel Sewall. Januari 1697, siku iliyotengwa kwa kufunga, alimpa mchungaji wake karatasi, na ilipokuwa ikisomwa kanisani Boston yeye alisimama mahali pake mbele ya watu wote. Karatasi ilisema anajitwika lawama na aibu ya yale yaliyotokea katika mahakama ile, na anaomba msamaha wa watu na wa Mungu. Hakuna aliyemlazimisha. Alitaja kosa lenyewe, kanisa likiwa limejaa. Ukilinganisha na maungamo ya Dimmesdale utaona tofauti yote.

Arthur Miller alirudi Salem hiyohiyo mwaka 1953 kwa tamthilia yake The Crucible, wakati Marekani ilipokuwa ikiwasaka wakomunisti na kuwataka watu wawataje wenzao. John Proctor wake anaungama uzinzi wazi mahakamani ili kumfichua binti anayewasingizia watu uchawi. Mkewe, asiyejua kwamba ameshakiri, anaitwa na kuulizwa, na mwanamke ambaye hajawahi kusema uongo anasema uongo kuficha aibu ya mumewe. Uongo huo ndio unaoporomosha ushahidi wa Proctor. Mwishoni Proctor anaelekea kukubali kukiri uchawi ili aponye maisha yake, lakini karatasi yenye jina lake inapotakiwa ibandikwe mlangoni pa kanisa anaichana na kwenda kunyongwa.

Dimmesdale naye hupanda jukwaani mchana, mwishowe. Ametoka kuhubiri mbele ya gavana mpya, mahubiri bora kuliko yote aliyowahi kuyatoa, na anamwita Hester na Pearl, anafunua kifua, anasema, anakufa. Pearl anambusu na kulia kwa mara ya kwanza kama mtoto wa binadamu. Lakini hata hapo macho ya mji hayakukubali. Baadhi ya waliokuwepo walisema baadaye kwamba hawakuona alama yoyote kifuani, na kwamba mchungaji alifia mikononi mwa mwanamke mkosaji kwa unyenyekevu tu, kuwafundisha kwa mfano kwamba sote tu wenye dhambi.

Chillingworth alinyauka akafa kabla mwaka haujaisha, na mali yake akamwachia Pearl. Mama na mtoto wakaondoka kwenda ng'ambo. Miaka mingi ikapita, na siku moja watoto waliokuwa wakicheza pembeni ya bahari walimwona mwanamke mrefu amevaa kijivu akiifungua ile nyumba iliyoachwa. Hester alikuwa amerudi peke yake, na kifuani ilikuwepo herufi. Hapakuwa tena na hakimu, hata aliye mkali, ambaye angemlazimisha kuivaa. Wanawake wenye shida za moyo walianza kumwendea, wale waliopenda wasipopaswa na wale ambao hakuna aliyewapenda, wakakaa naye mlangoni wakimuuliza wafanyeje.

Alipofariki alizikwa karibu na kaburi la zamani lililokuwa limetitia. Kati ya makaburi mawili iliachwa nafasi, kana kwamba hata mavumbi ya wawili hao hayakuwa na ruhusa ya kuchanganyika. Jiwe, hata hivyo, liliwekwa moja kwa wote wawili, na juu yake ikachongwa A moja, nyekundu kwenye uwanja mweusi.